Boneti imejikunja na paa limekuwa kama ganda la chungwa: nibandue rangi yote au kuna namna ya kuiokoa?

Boneti Nyekundu aliandika:

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu nimefika mahali ambapo nahofia kwamba nikiendelea nitaharibu zaidi. Ninatengeneza gari la modeli la plastiki la skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi. Hili ni la tatu kwangu, ila ni la kwanza ambalo nimelibadilisha umbo badala ya kuliunganisha kama lilivyotoka kwenye boksi. Nimeondoa vitasa vya milango, nimelishusha chini, na nimetanua madigadi ya nyuma kwa vipande vya plastiki na puti. Kazi hiyo ya madigadi peke yake imenichukua jioni nyingi za kupiga msasa, na ndiyo inayonifanya nisite kuligusa tena.

Plastiki ya bodi ni nyekundu, nami nataka gari jeupe. Nilipulizia praima (rangi ya kwanza ya kutandika chini) juu ya sehemu zenye puti tu, nikapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi nyeupe ya enameli (rangi ya mafuta), nikaacha siku mbili, kisha nikapulizia laka ang'avu ya kopo, ile isiyo na rangi ya kuleta mng'ao. Haikupita dakika moja, boneti ikaanza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka yanapopoa. Paa halikujikunja, lakini limejaa vijishimo kama ganda la chungwa. Mahali ambapo sikupitisha praima, weupe umegeuka kuwa waridi, na leo asubuhi nimeona uwaridi umezidi wa jana. Tena mistari ya milango, ambayo kabla ya rangi ilionekana vizuri, sasa karibu imefutika.

Je, nibandue rangi yote? Na kama ni kubandua, nitafanyaje ili madigadi yangu yasiharibike?

Msasa Laini alijibu:

Pole sana, ndugu. Kabla ya kuamua ubandue au usibandue, ni vyema ujue kila kasoro imetoka wapi, maana ulizozitaja zina vyanzo tofauti, na usipovitenganisha utazirudia kwenye bodi safi.

Boneti imejikunja kwa sababu umeweka laka juu ya enameli ambayo bado ni mbichi. Enameli hukauka kwa hatua mbili: kwanza thina huruka, ndipo uso unapoacha kunata na wewe unadhani imekauka, kisha rangi yenyewe hukomaa polepole kwa kushika oksijeni ya hewani, na hatua hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Viyeyusho vya laka ni vikali. Vikikuta enameli ya siku mbili hupenya chini yake, huivimbisha, na kwa kuwa haina pa kwenda, hujikunja. Kinyume chake hakina tatizo: laka ikishakauka vizuri unaweza kupiga enameli juu yake bila wasiwasi.

Paa lilinusurika mikunjo kwa sababu ileile iliyolipa vijishimo. Nadhani ulipolipulizia ulikuwa umelishika kopo mbali kuliko ulivyofanya kwenye boneti, hivyo matone yalianza kukauka yakiwa bado angani, yakatua yakiwa mazito, na hayakuweza kuungana yakawa uso mmoja. Laka iliyofika ikiwa nusu kavu haikuwa na kiyeyusho cha kutosha kuvimbisha enameli. Kwa makopo mengi, umbali wa sentimita 15 hadi 20 ndio unaofaa. Mimi huliweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 hivi kwa dakika chache kabla ya kupulizia, nalo hutoa matone madogo zaidi. Tafadhali yasiwe maji yanayochemka, wala usilikaribishe kopo kwenye moto, kwa sababu linaweza kulipuka.

Kuhusu uwaridi, plastiki nyekundu ina rangi ambayo viyeyusho huivuta kuja juu. Kuongeza nyeupe hakutasaidia. Kila mkono mpya utavuta nyekundu zaidi. Unahitaji kizuizi chini ya nyeupe, na kizuizi hicho kifunike bodi nzima, ndani ya mistari na kingo zote. Wengi hutumia praima ya kijivu na juu yake mkono mwembamba wa rangi ya fedha. Ukishaweka fedha, weka tena praima nyeupe, la sivyo gari lako litaonekana la kijivu kwenye mikunjo ya bodi.

Mkono Taratibu alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nasema ubandue. Sababu yangu kubwa ni hiyo mistari ya milango uliyoitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Rangi yote ya gari halisi, kuanzia praima hadi juu, ina unene unaokaribia milimita 0.1. Unene huohuo ukiwa juu ya modeli ya 1/24 ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya milimita 2.4. Tena mwanya wa mlango wenye upana wa milimita 4 kwenye gari halisi unatakiwa uwe milimita 0.17 hivi kwenye modeli, kwa hiyo mikono miwili mizito inatosha kuuziba. Ukipaka upya juu ya rangi iliyopo, hata mng'ao ukiwa mzuri kiasi gani, gari litaonekana kama limechovywa kwenye uji.

Usitumie asetoni wala thina ya selulosi. Zitayeyusha plastiki yenyewe. Alkoholi ya isopropili ya zaidi ya asilimia 90 hulainisha rangi nyingi za akriliki na laka kadhaa, lakini enameli huwa na ukaidi, nayo mara nyingi hutaka dawa ya kusafishia oveni au sabuni kali ya kuondolea grisi. Dawa hizo zinaunguza ngozi: vaa glavu na miwani, na ufanyie kazi mahali penye hewa.

Hofu yako juu ya madigadi ina msingi, maana niliwahi kuzamisha bodi nzima kwenye alkoholi nikaisahau siku tatu. Nilipoitoa, rangi ilikuwa imetoka yote, lakini puti ya nyuma ilikuwa imelainika, na kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kilibaki kwenye kidole changu. Nguzo za kioo cha mbele nazo zilikuwa zimekakamaa, na moja ikavunjika nilipoishika. Puti ya kuchanganya sehemu mbili, inayogandishwa na kemikali, huvumilia zaidi kuliko ile ya tyubu moja inayokauka kwa thina. Kama yako ni ya tyubu, jaribu dawa kwa tone moja upande wa ndani wa digadi, usubiri, kisha uguse kwa kijiti. Ikilainika, usizamishe bodi. Paka dawa kwa brashi kwenye boneti, paa na milango, uisugue kwa mswaki wa zamani, na madigadi uyafuate kwa msasa tu.

Bodi ikishakuwa tupu, chimba mistari yote upya kabla ya praima. Mimi hutumia mgongo wa ncha ya kisu chembamba, nikiuvuta bila kuukandamiza, mara tano au sita kwa kila mstari. Ukiukandamiza mara ya kwanza utateleza, na mchubuko ukiingia kwenye mlango itabidi urudi kwenye puti.

Kioo cha Paa alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo kuhusu paa. Vijishimo vya ganda la chungwa huondoka kwa msasa wa maji wa namba 2000, halafu 3000 na kuendelea, ukimalizia na krimu ya kung'arishia, na mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo anapata nafasi nzuri ya kujifunza juu ya rangi ambayo itabanduliwa hata hivyo. Ndugu, kabla hujabandua, ling'arishe paa. Utaona jinsi kingo zinavyotoboka upesi kuliko sehemu bapa, nawe siku ya rangi ya kweli utazifunika kingo kwa tepu kabla ya kugusa msasa.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni mapafu yako. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa laka. Inayohitajika ni ile yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali. Na siku yenye unyevunyevu mwingi hewani usipulizie laka, kwa maana unyevu hunaswa juu ya rangi inayokauka, na laka hugeuka kuwa na ukungu mweupe.

Boneti Nyekundu aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu. Paa nililing'arisha kwanza, na kweli nilitoboa ukingo wa juu ya mlango wa kushoto ndani ya dakika mbili. Puti yangu ilikuwa ya tyubu, na tone la majaribio liliilainisha, kwa hiyo nilibandua kwa brashi. Digadi la kulia limebaki zima. La kushoto lilimeguka kidogo nyuma, nimelijaza upya.

Nilinunua vijiko vya plastiki nyekundu, nikavipitisha hatua zote kabla ya bodi: praima ya kijivu, fedha, praima nyeupe, nyeupe ya laka, na laka ang'avu juu, ili rangi zote ziwe za familia moja. Kijiko ambacho sikukiwekea fedha kilianza uwaridi siku ya nne. Chenye fedha bado ni cheupe wiki ya pili. Bodi niliiosha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, nikaishika kwa glavu tangu hapo, na mkono wa kwanza nikaupiga mwembamba kama vumbi, nikianzia kopo nje ya bodi na kulimalizia nje.

Jana nimepiga mkono wa mwisho wa nyeupe. Mistari ya milango inaonekana yote, hata ule mfupi wa kifuniko cha tanki la mafuta. Laka ang'avu nitaipiga hewa ikikauka, maana tangu juzi kuna unyevunyevu.