Mafuvu marefu ya kale: niwaeleze nini wanafunzi?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari huku Kondoa. Tangu tuwapeleke vijana Kolo kuona michoro ya miambani, ile ya watu wembamba wenye vichwa vya ajabu ajabu, darasa limegeuka bunge. Wengine wameona kwenye simu za nyumbani mafuvu marefu ya Paracas, Peru, aliyoyafukua mwanaakiolojia Julio Tello miaka ya 1920, na wanashikilia kwamba ni viumbe wa sayari nyingine.

Maelezo ya kawaida ninayo. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, utosi unadunda ukiugusa. Ukimfunga kitambaa cha kubana kwa miezi mingi, fuvu linarefuka kuelekea nyuma. Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo walifanya hivyo hadi karne ya 20, na picha zao zipo. Kwao ulikuwa urembo na heshima. Hao ni majirani zetu, si wageni wa angani!

Ninapokwama ni hapa: kuna pia ugonjwa wa maungio ya fuvu kufunga mapema, na kuna udongo kulikandamiza fuvu kaburini. Wataalamu wa mifupa, hata manesi, mnatofautishaje haya matatu kwa macho? Na nitaonyeshaje darasani bila maabara? Nilifikiria kulifunga kamba boga changa shambani, ila mvua za huku mnazijua.

Mwenye picha za Wamangbetu zinazofaa kwa watoto, tafadhali anitumie.