Chekapu ya wanaume: kwanini hatuambiwi jinsi ya kujiandaa mpaka tufike dirishani?

Wakuu heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe kama nitaruka ruka.

Nina miaka 47, sijawahi kulazwa, mara ya mwisho kutolewa damu hata sikumbuki. Wife kanisukuma mwaka mzima nikapime, mwishowe nikapiga simu nikaweka miadi na nikauliza kabisa, kuna kitu cha kuzingatia? Nikajibiwa "njoo asubuhi tu kaka". Basi nikaamka nikanywa chai yangu yenye sukari, nikaomba ruhusa kazini, nikakaa foleni masaa mawili, nafika dirishani dada wa maabara ananiuliza umekula? Nikamwambia chai tu. Akasukuma fomu yangu pembeni, rudi siku nyingine ukiwa umefunga. Nilipouliza kufunga kivipi, jibu lilikuwa "usile" basi, akaita mtu anayefuata.

Sasa anayefuata naye alikuwa ameambiwa "usile wala usinywe", kwahiyo tangu jana yake jioni hajagusa hata maji, kakauka, mishipa haionekani, wamemchoma mara tatu mkono huu mara mbili ule mpaka akaanza kutoka jasho. Watu wawili, hospitali moja, asubuhi moja, maelekezo mawili tofauti na yote mabovu!

Nimeenda kusoma na kuuliza daktari mmoja ninayemwamini, na kinachoniuma ni kwamba haya mambo yanaenea kwenye meseji moja ya simu. Kama unapimwa sukari ya kufunga, unakaa bila kula masaa 8 mpaka 12, yaani unakula usiku mapema unalala unaenda asubuhi. Maji matupu RUKSA, tena unatakiwa unywe ili mshipa upatikane. Kisichotakiwa ni chai, kahawa, juisi, soda, pombe, hata bigijii achana nayo. Na kuna kile kipimo kingine cha sukari kinaitwa HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, hicho hakihitaji kufunga kabisa. Mafuta kwenye damu nayo sehemu nyingi siku hizi wanapima bila kufunga, wanakurudisha ufunge kama yale yanayoitwa triglisaridi yametoka juu sana. Kwahiyo inategemea daktari kaandika nini kwenye fomu, na fomu wanayo wao, mimi nitajuaje?

Halafu hili la "funga" kulitamka hivi hivi kwa kila mtu ni hatari jamani. Mtu anayejichoma insulini akichoma dozi yake kama kawaida halafu asile, sukari inaweza kushuka akaanguka njiani. Huyo anatakiwa kuulizwa dawa zake siku anapoweka miadi na apewe maelekezo yake peke yake. Wa presha naye mara nyingi anameza dawa yake na maji kama kawaida, ila wapo wanaoacha kwa kudhani kufunga ni pamoja na dawa, wanafika presha iko juu wanaanza kutishwa.

Ila kilichonifanya nifungue huu uzi hasa ni tezi dume.

Mara ya pili nilienda nimefunga vizuri, damu ikachukuliwa, PSA ikiwemo, yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume. Majibu yakatoka 4.8. Kijana wa majibu hakunikalisha wala nini, kasema "hii iko juu, kamuone daktari bingwa", na miadi ya bingwa ni baada ya wiki tatu. Wakuu wiki tatu hizo sikulala. Baba yangu mdogo alikufa na saratani ya tezi dume, namkumbuka alivyoisha. Nilianza kuwaza watoto, nikaanza kupanga karatasi za nyumba kwenye bahasha bila kumwambia mke wangu, akaja kuziona mwenyewe akalia.

Nafika kwa bingwa swali lake la kwanza: siku mbili kabla ya kipimo ulifanya nini? Mimi naenda kazini kwa baiskeli kila siku, na usiku wa kuamkia kipimo nililala na mke wangu kama mume yeyote. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kabla ya PSA mwanaume anatakiwa akae masaa 48 bila tendo la ndoa wala kutoa mbegu kwa namna yoyote, na masaa hayo hayo asifanye mazoezi makali, baiskeli ndiyo kabisa kwa sababu kiti kinakandamiza pale pale. Ukiwa na maambukizi ya mkojo usubiri kama wiki 6 baada ya kupona. Na wanaotumia finasteride, iwe ya tezi au ya kuzuia upara, lazima waseme, hiyo dawa ikitumika miezi inashusha PSA karibu nusu, kwahiyo mtu anaweza kuambiwa uko salama wakati siyo.

Tulirudia baada ya wiki kadhaa nikiwa nimejiandaa, ikatoka 2.9. Daktari alikuwa mkweli, kasema hawezi kuapa ni baiskeli au ni tendo, PSA yenyewe huwa inapanda na kushuka, na kwa sababu ya historia ya familia tutaendelea kuifuatilia. Nakubali. Ila ile ya kwanza haikutakiwa kuchukuliwa siku ile! Swali moja tu la dakika moja kabla ya sindano lingetosha, hakuna aliyeuliza.

Presha nayo nilipimwa vile vile hovyo. Nimepanda ngazi, nahema, mkojo umenibana, nesi ananifunga mkono huku ananihoji umri na kazi na mimi najibu, ikasoma 152 kwa 94 akaandika akaondoka. Inatakiwa ukae umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, mdomo umefunga, umekojoa, na nusu saa kabla hujanywa kahawa wala kuvuta sigara. Nyumbani kwa siku saba nimepima hivyo haijavuka 130.

Vijana wa gym na nyinyi sikilizeni, ukibeba vyuma vizito jana yake vimeng'enya vya misuli vinapanda na vingine ni vile vile vinavyosomwa kwenye kipimo cha ini, unaweza kuambiwa ini lina shida kumbe ni mapaja yamechoka. Wanaotumia unga wa kreatini waseme kabla ya kipimo cha figo. Wanaomeza biotini za nywele waseme pia, inavuruga baadhi ya vipimo kama vya tezi ya shingo. Testosteroni inapimwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, ukipimwa mchana inaweza kutoka chini bure.

Kuna rafiki yangu, ana miaka 52, alirudishwa dirishani kama mimi kwa sababu ya kikombe cha chai. Hajarudi tena, huu ni mwezi wa saba tangu arudishwe. Kila nikimkumbusha ananiambia "watanirudisha tu". Kila siku tunaambiwa wanaume hatujali afya zetu, hatuji kupima mpaka tuzidiwe. Huyu alikuja! Alikuja mwenyewe akiwa mzima na miguu yake, wakamrudisha kwa kitu ambacho wangemwambia kwenye simu.

Juzi nilivyoenda kuchukua majibu ya mwisho nilipita mapokezi, nikawaomba kwa heshima kabisa haya maelekezo wayaandike kwenye karatasi wabandike pale, au wampe kila anayeweka miadi, nikajitolea hata kuichapa mwenyewe. Nikaambiwa hiyo ni kazi ya maabara. Nikaenda maabara, wakaniambia ni ya daktari. Daktari akasema ni ya mapokezi. Karatasi nimeshaichapa, ninayo hapa mezani, na jumatatu naipeleka kwa mganga mkuu mwenyewe.