Ushauri: mawimbi ya PS kwa data ya haidrofoni pekee, yawezekana?

Mwana_Likoni: Asalaam aleikum. Niko mwaka wa mwisho, jiofizikia. Nimepewa data ya zamani ya mitetemo ya chini ya bahari yetu, ilichukuliwa na meli ikivuta kebo ya haidrofoni (vipokezi vya sauti majini). Katikati ya picha pamechafuka, nashuku gesi. Nasikia mawimbi ya S (yanayotikisa ardhi kando kwa kando) hayababaishwi sana na gesi, basi nataka yale ya PS, yanayoshuka P (mawimbi ya msukumo, kama sauti), yakigonga tabaka yapande S. Msimamizi kaguna tu. Nianzie wapi?

Jiofoni_Kavu: Waleikum salaam. Ana haki ya kuguna. S haipiti majini, na kebo yako inaelea, kwa hivyo S ikipanda yaishia sakafuni mwa bahari. Wanorwe walipotaka kuona chini ya gesi ya Tommeliten, katika Bahari ya Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilibidi washushe vipokezi hadi sakafuni: jiofoni (vipokezi vya mtikisiko wa ardhi) za pande tatu, na haidrofoni juu yake.

Bi_Mazeras: Shekhe, usimkatishe tamaa kijana. Sakafu ikiwa mwamba mgumu, tuseme chokaa ya matumbawe, P hugeuka S ikiingia, na ikitoka hugeuka tena P. Hiyo haidrofoni huinasa. Lakini S ya mwamba huo iwe inakaribia kasi ya sauti majini, mita 1500 kwa sekunde. Kwenye matope, sahau.

Jiofoni_Kavu: Kweli dada, ila huja dhaifu, na kwenye vipokezi vya karibu na chanzo haipo. P ikiangukia tabaka wima haigeuki.

Mwana_Likoni: Na nikipata data ya sakafuni, nipange kwa nukta ya kati, ile ya nusu njia kati ya chanzo na kipokezi, kama P?

Bi_Mazeras: Thubutu! S ni nzito wa mwendo, kwa hivyo nukta ya kugeukia husogea upande wa kipokezi. P ikiwa na kasi mara mbili ya S, na chanzo na kipokezi vimeachana mita 3000, tabaka la kina kirefu hugeuzia kama mita 2000 kutoka kwenye chanzo. Tabaka la juu husogea zaidi. Yaani kila kina na nukta yake, mwanangu, na bila uwiano wa P kwa S huipati hata moja. Tena wimbi la kushoto mwa chanzo huja kinyume na la kulia. Ukiyajumlisha hivyo hivyo yanauana.

Mwana_Likoni: Lo! Data ya sakafuni sina.

Jiofoni_Kavu: Basi buni matabaka matatu kwenye kompyuta, utoe data ya kuigiza. Programu ya Madagascar ni ya bure. Msimamizi hataguna.

Bi_Mazeras: Ataguna. Lakini atasaini.