Kurasa 24 za katuni kwa saa 24: je, mchoraji wa jioni anaweza?

Karani wa Kihonda

Ndugu wachoraji, salaam. Mimi ni karani katika ghala la nafaka hapa Morogoro, na uchoraji kwangu ni kazi ya jioni, kwenye meza ile ile ambayo watoto wanafanyia kazi zao za shule. Nilianza kwa kunakili vibonzo vya jarida la Sani nyuma ya daftari la hisabati, jambo lililoniletea viboko vya kutosha, na hadi leo sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa mchoro. Sasa nimeshikwa na hamu ya kujaribu ile changamoto ya kuchora hadithi nzima ya katuni yenye kurasa 24 ndani ya saa 24 mfululizo. Kinachonitia hofu ni kwamba kwa kawaida ukurasa mmoja hunichukua jioni mbili, na nikiukosea uso wa mhusika huuchana na kuanza upya. Je, ninaruhusiwa kuandaa hadithi mapema ili siku yenyewe niwe ninachora tu? Na nikishindwa njiani, kazi niliyofanya itakuwa na maana yoyote?

Wino Mweusi

Ndugu Karani, karibu. Changamoto hii ilibuniwa mwaka 1990 na mchoraji wa Marekani, Scott McCloud, ambaye alitaka kumchokoza rafiki yake Steve Bissette, mtu mwenye mkono mwepesi lakini mzito wa kumaliza kazi. Naitaja asili hiyo kwa sababu inajibu nusu ya hofu yako: shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa ni kumzuia mchoraji asiuchane ukurasa.

Kuhusu kuandaa hadithi mapema, jibu ni hapana. Muhtasari wa kisa, michoro ya majaribio na sura za wahusika vyote vinapaswa kuzaliwa ndani ya saa hizo 24, pamoja na kupiga wino, kuandika maneno na kusahihisha. Unachoruhusiwa kuandaa ni vifaa, chakula, muziki, na picha za kutazamia, kwa mfano picha za magari au majengo ambayo huwezi kuyachora kwa kichwa. Ukitaka kulala, lala, ila saa haikusubiri. Mimi ningeongeza jambo moja ambalo halikukatazwa kwa jina: piga mistari ya pambizo kwenye karatasi zote siku moja kabla, kwani kazi ya rula haina hadithi ndani yake. Wapo watakaobisha, nami sitagombana nao.

Kuhusu kushindwa, waliotangulia wamekwisha kukuachia njia mbili za heshima. Mwandishi wa Uingereza, Neil Gaiman, alijaribu, muda ukamwishia kabla ya kurasa kutimia, naye akaifunga hadithi pale pale alipofika. Kevin Eastman, mmoja wa wabunifu wa katuni za Teenage Mutant Ninja Turtles, naye alivuka saa 24 akaendelea hadi kurasa zikatimia. Njia zote mbili zimepewa majina yao na huhesabiwa kuwa ni kushindwa kwa heshima.

Mama Penseli

Nimeifanya mara mbili, ya kwanza nikaishia ukurasa wa 9, kwa hiyo nizungumzie meza badala ya historia.

Piga hesabu kwanza. Toa saa moja ya kutafuta kisa, toa saa mbili za kula, kuoga na kunyoosha mgongo, zinabaki saa 21, yaani dakika 52 na nusu kwa kila ukurasa. Aliyezoea jioni mbili kwa ukurasa hawezi kuingia humo kwa kuharakisha mkono. Ataingia kwa kuchora vitu vichache zaidi. Chagua mhusika ambaye unaweza kumchora gizani: kichwa cha yai na kofia, imetosha. Fremu nne, yaani visanduku vya picha, kwa ukurasa zinatosha, na pale kisa kinaporuhusu, weka fremu moja tu. Usithubutu kuweka kisa chako stendi ya mabasi. Mimi niliweka changu sokoni, na kufikia saa tano usiku nilikuwa ninachora nyanya moja moja huku ninalia.

Jambo la pili, ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: andika maneno kwanza, kisha uchore kiputo cha kuyazunguka, na mchoro uje mwisho. Kiswahili kina maneno marefu. Ukianza na picha, utajikuta na sentensi kama "Hatukumwambia" inayotafuta nafasi juu ya kichwa cha mtu, na hapo ndipo raba inapokula dakika kumi.

Jambo la tatu ni wino. Kwa anayetumia mkono wa kulia, fremu za kushoto zipigwe wino kwanza, na weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Ukurasa wangu wa 9 haukuniangusha kwa kukosa kisa; saa tisa usiku niliuburuza mkono juu ya wino mbichi, uso wa mhusika ukageuka ndevu, nami nikakosa moyo wa kuendelea. Leo ningempa ndevu hizo hadi mwisho wa hadithi.

Mpita Njia 77

Bila kuwavunja moyo, kukesha usiku mzima na kesho yake kupanda bodaboda kwenda kazini ni hatari ya kweli. Ndugu Karani achague usiku wa kuamkia siku ya mapumziko.

Karani wa Kihonda

Nawashukuru nyote, na nimekwisha kujaribu. Nilianza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikamaliza Jumapili saa kama hiyo nikiwa na kurasa 19, na hadithi nikaifunga hapo. Mhusika wangu ni mlinzi wa ghala mwenye kofia, ambaye usiku mzima anabishana na panya juu ya gunia moja la mpunga. Mama Penseli ataona nimetii. Kuanzia ukurasa wa 15 mistari yangu inatetemeka, lakini mke wangu, ambaye hana desturi ya kunisifu, amesema panya wa kurasa hizo ni hai kuliko wa mwanzo.

Nina swali moja lililobaki. Nilipokuwa ukurasa wa 13 umeme ulikatika kwa dakika 40 hivi, na kwa kuwa mshumaa ulikuwa mmoja tu, nilijaza fremu zote nne rangi nyeusi, nikaacha viputo viwili vya maneno: mlinzi anauliza "Uko wapi?" na panya anajibu "Nakula." Je, ukurasa wa namna hiyo unahesabiwa?

Mama Penseli

Unahesabiwa, tena ningependa kuuona huo kabla ya nyingine.