Mamangu yuko kwenye kemo. Habasoda na manjano vinaruhusiwa?

Mwana wa Kisauni
Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Mamangu ana miaka 61, ana saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa mwaka jana, mwaka huu akaanza kemo, dripu za dawa ya saratani. Kuna tabibu wa mitishamba hapa Mombasa ametupa unga: habasoda, manjano, pilipili manga na mizizi ambayo hakuitaja. Kijiko kimoja asubuhi ndani ya asali, kimoja usiku. Nimesoma mtandaoni kwamba manjano huua seli za saratani. Swali langu ni moja tu: unga huu waweza kwenda pamoja na kemo? Usingizi sina. Mwenye kujua anisaidie.

Bi Mkubwa wa Kuze
Pole mwanangu, Mola ampe mama shifaa. Habasoda mie nala kila alfajiri na sijalazwa hospitali tangu nilipomzaa kitindamimba wangu, naye sasa ana watoto wake. Hiyo ni dawa ya Mtume. Mpe mama, na umsomee.

Nahodha Mstaafu
Marehemu babangu saratani yake ilikuwa ya umio, njia ya chakula. Alipenda kahawa chungu. Muuza kahawa akipita barazani na dele lake, mzee alitaka kikombe cha kwanza, kile kinachofuka moshi. Ikipoa kidogo hurudisha. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO likatangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Mie naisoma habari hiyo, mzee keshazikwa. Mpozeeni mama chai yake, jamani.

Farmasia wa Tudor
Kaka, kemo si dawa moja. Tazama kadi ya kliniki, niandikie jina la dawa na tarehe ya mwisho aliyotundikiwa.

Mwana wa Kisauni
Lazima jina? Mie nimeuliza manjano.

Farmasia wa Tudor
Lazima. Manjano peke yake hayaingii vizuri kwenye damu, ndiyo maana huyo tabibu ametia pilipili manga. Utafiti wa 1998 ulionyesha piperini, kiini cha pilipili manga, huongeza kurkumini, kiini cha manjano, mwilini kwa asilimia 2,000. Lakini piperini hiyohiyo huzuia ini kuvunja baadhi ya dawa, na dawa ya kemo ikikaa mwilini kuliko ilivyopimwa, ni hatari. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vijiko viwili kila siku ni habari nyingine. Jina, tafadhali. Na tarehe.

Mwana wa Kisauni
Kadi inasema irinotekani. Walimbadilishia baada ya kuona doa kwenye ini. Dripu ya mwisho ilikuwa wiki tano zilizopita. Alitakiwa arudi mara mbili, hatukwenda.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Baada ya dripu ya tatu aliharisha siku nne. Nilikuwa nambeba mie hadi msalani. Bangili zake, alizovaa tangu harusi yake, sasa akiinua mikono kuomba dua zateleza hadi kiwikoni. Akaniambia, "Mwanangu, dawa hii itautangulia ugonjwa kuniua." Nikaamua apumzike. Tabibu alitaka shilingi 40,000 kwa miezi mitatu, nikazitoa kwenye mchango wa familia. Ndugu zangu walioko Jeddah wanajua pesa zimekwenda hospitali. Lakini tangu aanze unga amekula wali, amecheka na wajukuu. Kosa langu liko wapi?

Kijana wa Likoni
Basi hukuja kuuliza kuchanganya, kaka. Kemo umeshaikata, ulitaka tukupigie makofi. Sikulaumu, ila uzi ungeanza hapa.

Abu Salma
Pesa ya mchango ni amana. Waliotoa walikunjua mikono wakiamini ni ya dripu. Ungesema nao kwanza, hata kama wangekugombeza. Tubu, kisha uwaambie leo, si kesho.

Mama Zawadi
Mie shangazi yangu wa Kilifi ana uvimbe tumboni, hospitali wametuzungusha tumechoka. Naomba namba ya huyo tabibu, nitumie faragha.

Jicho la Mwewe
Haya, sasa nimeelewa. Mtu kajiunga leo. Anataja unga, anataja bei, anasema mgonjwa anakula na kucheka, na kabla uzi haujapoa mtu anaomba namba. Hivi ndivyo wanavyouza hizi dawa. Mama hayupo, bangili hazipo. Wasimamizi ufungeni.

Kijana wa Likoni
Hata mie sasa nina shaka. Mama Zawadi naye kajiunga lini?

Mama Zawadi
Niko humu miaka mitatu, tazama nyuzi zangu za mapishi! Mtu akiuguliwa ndipo aitwe mwizi?

Nahodha Mstaafu
Mwewe, taratibu. Nimemuuguza mtu. Mwenye kutunga hakumbuki bangili.

Mwana wa Kisauni
Namba sitampa mtu. Mama Zawadi nisamehe, dada yangu, lakini sitakupa. Sijui kama unga unafanya kazi, nitakupaje? Unga wenyewe uko kwenye kopo la zamani la siagi, halina hata jina. Kila usiku nikilifungua lanukia kama duka la viungo la Marikiti, halafu chini yake kuna harufu ya udongo mbichi. Hiyo ndiyo mizizi. Nilimuuliza mara mbili ni ya mti gani, akaniambia ni siri ya babu yake. Sikumuuliza mara ya tatu. Jicho la Mwewe, natamani ningekuwa nauza.

Farmasia wa Tudor
Mie namwamini, na hata akiwa muuzaji, kuna mwingine anasoma hapa na kadi yenye jina hilihili mkononi. Kwa hiyo naandika.

Kaka, hiyo irinotekani uliyoikimbia imetoka mtini. Mwaka 1966 wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani huko Marekani walitangaza kamptothesini, waliyoipata kwenye mti wa China uitwao Camptotheca acuminata. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwaumiza kibofu hadi wakakojoa damu, majaribio yakasimamishwa. Wajapani wakaigeuza umbo mpaka ikaweza kutumika, ndiyo irinotekani. Ikapata kibali Japani mwaka 1994 na Marekani 1996. Mti ulikuwepo siku zote, kaka. Kilichochukua miaka yote hiyo ni kujua kipimo.

Habasoda nayo ina kiini kiitwacho timokwinoni. Maabarani imezuia seli za saratani ya utumbo, na kwa panya pia. Kwa binadamu haijathibitishwa kuitibu. Siidharau, Bi Mkubwa, hata kwetu iko jikoni. Ila haijafika ilikofika irinotekani.

Mizizi isiyo na jina ndiyo inayoniogopesha zaidi. Kuna mmea wa Ulaya, St John's wort, watu hunywa kwa huzuni, maua yake rangi ya njano. Wagonjwa wa irinotekani walioutumia, dawa inayopigana na saratani ilishuka damuni kwa asilimia 42. Mmea mpole kabisa huo, unauzwa dukani.

Na mama amekula wali kwa sababu dripu imetoka mwilini, wiki tano si chache. Kuharisha ni tabia ya dawa hii inayojulikana. Kuna vidonge vya kuzuia, na daktari anaweza kupunguza kipimo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba mama aliharisha siku nne. Au alimwambia?

Mwana wa Kisauni
Hakuna aliyemwambia. Niliogopa atanifokea.

Farmasia wa Tudor
Nenda na kopo. Usimhadithie, lifungue mezani kwake.

Bi Mkubwa wa Kuze
Mwanangu, nilikwambia umpe kabla sijajua ni dawa gani anatundikiwa. Niwie radhi. Habasoda isubiri mpaka daktari aseme.

Mwana wa Kisauni
Nimeongea na mama baada ya isha. Nilidhani atakataa. Ameuliza tu kama wataweza kumpunguzia, nikamwambia ndilo tutakaloliuliza kwanza. Kopo nimelitia mfukoni pamoja na kadi, tutatoka mapema kabla daraja la Nyali halijajaa magari. Jeddah bado sijapiga.