UKOO WA UJIJI 🐟 (mchango wa bwawa)

Shangazi Zuhura 07:12
Assalaam alaykum. Mchango wa bwawa la trauti mwisho Ijumaa, elfu hamsini kila mtu. Hoteli zinamtafuta huyo samaki.

Shangazi Zuhura 07:51
Nawaona mmesoma. Mama Rehema? Salum, wewe si ndiye msomi wa samaki?

Salum 09:30
Shikamoo shangazi. Trauti anataka maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Ziwa letu juu ni kama 26.

Shangazi Zuhura 09:31
Marahaba. Mbona Kenya wapo?

Salum 09:38
Wako mito ya mlimani, kwenye baridi. Damu inayofika moyoni mwake imeshazunguka mwili mzima, oksijeni imebaki kidogo. Baridi inaudhoofisha moyo, ila ile adrenalini, homoni ya mshtuko, kidogo iliyomo kwenye damu inafungulia kalisiamu iingie kwenye seli zake, pigo linapata nguvu. Na akizoea baridi, moyo unaisikia homoni hiyo zaidi. Maji yakipata joto moyo unakwenda mbio, oksijeni ya kwenye maji inapungua, na adrenalini haiusaidii tena kama mwanzo. Mapigo yanarukaruka, samaki analala ubavu.

Juma Kibirizi 09:40
Adrenalini ndiyo ilimpanda Mjomba Shabani siku ya mkopo 😂😂

Mjomba Shabani 09:44
Nyamaza. Nyavu zangu ziko wapi?

Shangazi Zuhura 09:45
Kaka, tunaongea bwawa.

Salum 09:52
Halafu mkiwabananisha, kortisoli, homoni ya msongo, inapanda. Ikikaa juu muda mrefu, moyo wenyewe unakua kupita kiasi.

Juma Kibirizi 09:53
Kama sisi nyumba ya bibi wakati wa Idi 🤣

Mama Rehema 13:05
Nilikuwa sokoni. Trauti ndiyo nini?

Babu Idd 16:20
Zuhura. Hela ya nyavu haijasemwa mpaka leo. Isemwe kwanza. Na huyo mtoto amesoma, msikilizeni.

Mama Rehema 16:24
Shikamoo baba.

Juma Kibirizi 16:24
Shikamoo babu 🙏

Shangazi Zuhura 17:02
Nimesikia baba. Basi tufuge ngege. Ijumaa iko palepale.

Salum 17:10
Ngege sawa, joto letu amelizoea.

Mjomba Shabani 17:11
Na nyavu?

Juma Kibirizi 18:47
Mimi nina ishirini kwa sasa.

Mama Rehema 21:30
Tunatuma namba ya nani? Ya Zuhura tena?