Mechi za ligi ya mkoa Sheikh Amri Abeid, Arusha

Wakuu, natokea Moshi. Nikienda kuona ligi ya mkoa pale nikae upande gani? Na huyo sheikh alikuwa nani?

— Shuka stendi, uwanja uko jirani, tembea tu. Mechi ya saa kumi jioni kaa magharibi. Ukikaa mashariki jua linakupiga machoni hadi filimbi ya mwisho. Njia ya riadha inazunguka uwanja, kwa hiyo panda ngazi za juu, la sivyo kona ya mbali huioni.

— Masika, Machi hadi Mei, uliza asubuhi kabla hujakata tiketi ya basi. Uwanja ukituamisha maji, mechi inaahirishwa.

— Amri Abeid Kaluta, mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Alifariki 1964. Wengi hudhani alicheza namba tisa!